Pangani si Mbali na Mpwapwa

Ndugu msikilizaji, jaribu siku moja kumsimamisha mtu yeyote pale stendi ya mabasi ya Dodoma, umwombe akutajie miji ya pwani ya nchi yetu. Atakutajia Dar es Salaam kabla hujamaliza swali. Atafuatisha Tanga, Mtwara na Lindi. Akiwa mtu wa kusoma ataongeza Bagamoyo na Kilwa. Pangani hataitaja, na ukimkumbusha atakuuliza kama unasema mto au mji.

Simcheki mtu huyo, kwa sababu nilikuwa mimi. Nimezaliwa Mtera, katika miaka ile bwawa letu lilipokuwa changa, na watoto wa Mtera tunajua majina ya mabwawa kama watoto wengine wanavyojua majina ya wachezaji wa mpira. Mtera, Kidatu, Hale, Nyumba ya Mungu, Pangani. Kila mvua zilipochelewa na umeme ukaanza mgawo, majina hayo yalisomwa katika taarifa ya habari pamoja na vipimo vya maji. Kwa hiyo Pangani kwangu ilikuwa mtambo wa umeme. Kwamba mahali mto ule unapoingia baharini kuna mji wa zamani, wenye nyumba, makaburi na kesi ya kujibu mbele ya historia, hilo sikulijua mpaka nilipovuka miaka 40.

Mwaka 2024 nilikwenda Tanga kwa semina ya waandishi wa habari. Semina ikaisha Ijumaa, basi la kurudi Dodoma likawa la Jumapili. Nikabaki na Jumamosi nzima mkononi. Mwenzangu mmoja akaniambia, "Nenda Pangani, ni karibu." Nikapanda basi dogo asubuhi.

Kutoka Tanga hadi Pangani ni kama kilomita 50 kuelekea kusini. Unapita Kigombe, na mkonge umesimama kwa mistari kama askari walio kwenye gwaride. Mkonge huo nao una asili yake huko huko Pangani. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu na miche mingi ikafa njiani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 nchi yetu ilikuja kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge kuliko wote duniani. Treni, bandari, kambi za manamba waliotoka kila pembe ya nchi, wakiwamo wa bara ya kati, vyote hivyo vimefuata nyuma ya miche ambayo ingeweza kuenea katika ua wa nyumba moja.

Nilipoteremka, kitu cha kwanza kilichonishika macho ni mto. Mimi ni mtu wa Ruaha Mkuu, mto ambao kiangazi unaweza kuuvuka huku umekunja suruali. Mto Pangani pale mdomoni ni mpana, wa kijani, na maji yake yanakwenda juu na chini kwa kufuata bahari. Ng'ambo ni Bweni, kwenye mlima wenye miti. Pantoni lilikuwa likivusha watu, baiskeli, magunia ya nazi na magari machache. Juu kidogo ya mto, nguzo za daraja jipya zilikuwa zimeanza kuinuka, daraja la mita zaidi ya 500 katika barabara ya kutoka Tanga kwenda Saadani hadi Bagamoyo.

Mji wenyewe ni mdogo. Unaweza kuuzunguka kabla kahawa haijapoa. Kuna Barabara ya India, yenye nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi wa zamani, ghorofa zenye roshani za mbao na milango mizito. Nyingine zinakaliwa, nyingine zimebaki kuta, na miti imeota katika vyumba vya kulala. Kuna Boma, jengo kubwa ambalo wenyeji husema lilianzishwa na Waarabu wa Omani mwanzoni mwa karne ya 19, na Wajerumani wakaja kuliongezea. Husimuliwa kwamba chini ya nguzo zake walizikwa watumwa wakiwa hai ili jengo liwe imara. Sina njia ya kuthibitisha simulizi hiyo. Lakini watu hawasimulii hivyo juu ya jengo lililojengwa kwa furaha.

Katika idara ya forodha ya mji huu ndimo alimofanya kazi ya ukarani, kwa miaka mingi kuanzia 1926, kijana mmoja mzaliwa wa jirani ya Tanga aliyekuwa akiandika mashairi baada ya saa za kazi. Huyo ni Shaaban Robert. Kiswahili ninachokisema redioni, na unachokisoma gazetini, kimepita katika meza ya karani wa Pangani.

Karibu na mto niliwakuta wazee watatu barazani wanakunywa kahawa chungu kwa kashata. Nikawaamkia, wakanikaribisha, kikombe kikaletwa. Mmoja wao, mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe, akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema Mtera. Hakuijua. Nikasema ni Wilaya ya Mpwapwa, Mkoa wa Dodoma.

"Mpwapwa!" akasema, akaweka kikombe chini. "Basi karibu sana, mwanangu. Abushiri alikwenda kwenu."

Nakiri nilipata haya. Jina la Abushiri nilifundishwa darasani, nikalijibia mtihani, nikalisahau. Kwamba alifika wilayani kwetu, hilo halikuwamo katika daftari langu. Ilibidi nije kuambiwa Pangani habari za Mpwapwa. Niliporudi nyumbani nilitafuta vitabu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Katika karne ya 19 Pangani ilikuwa mlango wa bara. Misafara ya kwenda Usambara, Kilimanjaro na Umasaini ilianzia hapa, na pembe za ndovu zikarudi kwa njia hiyo hiyo. Richard Burton na John Speke walipofika pwani hii mwanzoni mwa mwaka 1857, kabla ya safari yao ya maziwa makuu, walipita Pangani wakaenda Fuga kumwona Kimweri, mfalme wa Usambara. Baadaye walipita kwetu Ugogo kwa njia ya Bagamoyo, ile inayopanda hadi Mpwapwa, ikavuka nyika kavu ya Marenga Mkali, ikaingia Ugogo ambako watemi walidai hongo kwa kila msafara uliotaka maji na njia, kisha ikaenda Tabora na Ujiji. Njia zilikuwa mbili, biashara ilikuwa moja.

Pembe haikutosha. Kando ya Mto Pangani yalifunguliwa mashamba ya miwa, na sukari ya Pangani ikauzwa Zanzibar na ng'ambo. Miwa inahitaji mikono mingi, na kazi yake ni ya kuua mtu. Mikono hiyo ilikuwa ya watumwa. Mwaka 1873 watumwa wa mashamba hayo waliasi. Lishike jambo hili, msikilizaji, nitalirudia.

Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar, aliyekuwa ndiyo kwanza amekalia kiti, alitia sahihi mkataba wa kuikodisha pwani ya bara kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kwa muda wa miaka 50. Kampuni ingetawala na kukusanya ushuru kwa jina lake. Watu wa pwani hawakuulizwa. Mwezi Agosti watumishi wa kampuni waliingia mijini kushika kazi. Aliyepelekwa Pangani aliitwa Emil von Zelewski. Afrika ilikuja kumpa jina la Nyundo.

Nyundo alitaka bendera ya kampuni ipande. Liwali wa Sultani akasita. Zelewski akaita wanamaji kutoka manowari ya Kijerumani, nao wakashuka mjini siku za Idd el Haj. Katika kumsaka liwali waliingia msikitini na viatu vyao, na mbwa wa Zelewski akaingia pamoja nao. Hebu pima jambo hilo, ndugu msikilizaji, hata kama wewe si Mwislamu. Siku ya sikukuu, watu wamevaa kanzu safi, na mgeni mwenye bunduki anaingiza mbwa mahali pa kusujudia. Mkataba ulikuwa umekwisha kuwaudhi matajiri waliopoteza ushuru. Mbwa yule akawaudhi watu wote.

Mwanzoni mwa Septemba mji ulikuwa umewaka. Watumishi wa kampuni walizingirwa ndani ya nyumba yao. Jenerali Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa askari wa Sultani, akaja kuwatoa salama, na muda si mrefu yeye naye akalazimika kuondoka, maana Pangani ilikuwa haimsikilizi tena hata Sultani. Kutoka hapo moto ulienea Tanga, Saadani, Bagamoyo, Kilwa na Lindi.

Aliyepata jina kubwa katika vita hivyo ni Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa karibu na Pangani. Mwezi huo huo wa Septemba aliwakamata wasafiri wawili, Hans Meyer na Oscar Baumann, akawatia minyororo, na kuwaachia baada ya kulipwa fidia. Huyu Meyer ndiye aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwezi Oktoba 1889. Vitabu vya shule vinamtaja mlimani, havimtaji kwenye mnyororo wa Pangani.

Ujerumani ikaona aibu. Januari 1889 bunge lake lilitoa marka milioni mbili, kwa maelezo kwamba ni za kupiga vita biashara ya watumwa na kulinda masilahi ya Wajerumani. Akatumwa Hermann von Wissmann, akakusanya askari Wasudani kutoka Misri na wengine kutoka Msumbiji. Mwezi Mei alivunja ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Mwezi Julai aliitwaa Pangani.

Hapa sasa ndipo safari inapofika kwetu. Ngome ilipovunjwa, Abushiri hakukimbilia baharini. Alipanda bara. Katikati ya mwaka 1889 alifika Mpwapwa na kukishambulia kituo cha kampuni kilichokuwapo huko. Mtumishi mmoja wa kampuni aliuawa, mwenzake akatorokea pwani. Wissmann mwenyewe akalazimika kupanda na jeshi hadi Mpwapwa, akajenga ngome. Kwa hiyo utawala wa Kijerumani katika nyanda za kati, ule uliokuja kutufikia sote kwa kodi na kiboko, ulikanyaga Mpwapwa kwa nguvu ukifuata nyayo za mtu wa Pangani.

Abushiri akatafuta wapiganaji wapya bara, akashuka nao kuelekea pwani, akashindwa. Mwishoni alibaki karibu peke yake, akazunguka Uzigua akiwa na njaa, na jumbe mmoja aliyemkaribisha akamkabidhi kwa Wajerumani. Tarehe 15 Desemba 1889 alinyongwa Pangani.

Na yule Nyundo aliyeingiza mbwa msikitini? Alipandishwa cheo, akapewa jeshi. Mwaka 1891 alipelekwa kumwadhibu Mkwawa wa Uhehe. Tarehe 17 Agosti 1891, miaka mitatu kasoro siku chache tangu ile Idd ya Pangani, jeshi lake lilivamiwa na Wahehe mahali paitwapo Lugalo, si mbali na Iringa. Yeye na Wazungu wengine tisa walikufa hapo pamoja na askari kwa mamia. Wakazi wa Dar es Salaam mnalitaja jina la Lugalo kila siku, mkienda hospitali au mkipita kambini. Sisi wa Mtera, tukisimama ukingoni mwa bwawa, Iringa iko upande wa pili wa maji.

Basi yatazame mambo hayo kwa pamoja. Mtu aliyeinajisi Pangani aliuawa kusini ya Mtera. Mtu aliyeitetea Pangani alipigana kaskazini ya Mtera. Nilikulia katikati ya ncha hizo mbili, nikivua perege, nikiamini kwamba historia ya pwani ni ya watu wa kanzu na sisi wa bara tulikuwa tunachunga mbuzi.

Sasa narudi kwenye lile jambo la miwa, maana bila hilo nitakuwa nimekudanganya.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa akisimulia habari ya msichana wa ukoo wetu aliyeishi zamani, kabla ya Wajerumani. Ilikuwa mwaka wa njaa, na Ugogo njaa si mgeni. Watu walikwenda kuhemea mbali. Msichana huyo alitolewa kwa watu wa msafara kwa vibuyu vya mtama, kwa makubaliano kwamba atakombolewa mvua zikinyesha. Mvua zilinyesha. Msafara haukurudi. Bibi alipokuwa akisema "amekwenda pwani" hakuwa na maana ya kutembea. Kwake yeye ilikuwa na maana ya kupotea moja kwa moja.

Kwa hiyo nilipokuwa pale barazani, mzee akimsifu Abushiri kwa ushujaa, koo langu lilikuwa zito. Nikamwambia, kwa adabu, kwamba mzee wangu, shujaa huyu alikuwa na shamba la miwa, na shamba la miwa lilikuwa la watumwa, na yawezekana mmoja wa watumwa wa pwani hii alikuwa damu yangu. Je, nimsalimu kama shujaa?

Wazee wawili waliinamisha macho. Yule wa kofia nyeupe alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, na sisi tuliomo humu mjini, unadhani wote tulishuka kwenye jahazi? Bibi mzaa bibi yangu mimi aliletwa hapa kwa miguu. Kabila lake halijulikani. Hata jina alilozikwa nalo alipewa hapa hapa."

Akanywa kahawa yake. "Wewe umekuja kumtafuta aliyepotea. Sisi ndio waliopotea."

Nimekuwa mtangazaji kwa miaka mingi, na kazi yangu ni maneno. Siku ile sikuwa nalo.

Nimeyafikiri maneno ya mzee yule mara nyingi. Tumezoea kuigawa historia kama shamba la urithi: hili la Waarabu, hili la Wazigua, hili la Wagogo, hili la Wahehe. Kisha kila mmoja anachagua mashujaa wake na kuwasahau waliobeba mizigo. Abushiri alikataa nchi iuzwe juu ya vichwa vya watu, na kwa hilo alinyongwa. Abushiri huyo huyo alikula jasho la watu walionunuliwa. Mambo yote mawili ni kweli, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuyabeba yote mawili ikiwa mwalimu hataogopa kumpa.

Na Wajerumani waliokuja kwa jina la kuwakomboa watumwa? Walipoimaliza vita hawakuufuta utumwa. Waliwekea biashara yake mipaka, na mwaka 1904 wakatoa amri kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Wazazi wao waliachwa walivyo. Sheria ya kuufuta utumwa Tanganyika ilikuja chini ya Waingereza mwaka 1922. Ikiwa ulizaliwa mtumwa Pangani mwaka 1888, ukatazama kwa macho yako vita iliyopiganwa kwa jina lako, ungeweza kuishi miaka 34 zaidi kabla sheria haijakuita mtu huru.

Mzee wa pwani hiyo, Hemedi bin Abdallah el Buhriy, aliyaishi mambo hayo na akayaandikia utenzi mrefu, Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Maana yake ni kwamba hatuwezi kusema hatukuachiwa kitu. Tumeachiwa kwa Kiswahili chetu wenyewe, na mtu aliyekuwapo.

Utauliza, kama Pangani ilikuwa na sifa zote hizo, imekuwaje leo iwe mji wa kuzunguka kabla kahawa haijapoa? Jibu ni reli. Wajerumani walianza kujenga reli ya Usambara mwaka 1893, wakaianzia Tanga, penye bandari yenye kina. Mdomo wa Mto Pangani una mchanga unaozuia meli kubwa. Mizigo ya kaskazini ikahamia Tanga, na wenye fedha wakaifuata.

Huko kwetu mambo yalikuwa yale yale. Mpwapwa ndiyo iliyokuwa kituo kikubwa cha misafara, mahali pa kupumzika na kujaza vibuyu kabla ya Marenga Mkali. Reli ya kati ilipopanda kutoka Dar es Salaam ilipita Gulwe, Mpwapwa ikabaki pembeni, na mwaka 1910 ikafika Dodoma. Dodoma ikakua. Mwaka 1973 ikaamuliwa kuwa makao makuu, na leo ni jiji. Pangani na Mpwapwa ni ndugu wawili walioachwa na treni moja moja. Udogo wao wa leo umeamuliwa na mhandisi aliyechora mstari kwenye ramani, na haupunguzi hata chembe ya yaliyotendeka humo.

Lakini Pangani ina adui mwingine ambaye Mpwapwa haina, nayo ni bahari. Mbele ya mji huo kulikuwa na kisiwa cha Maziwe, chenye miti, na kasa wengi walipanda kutaga mayai. Miti ilikwisha, mawimbi yakala ardhi, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimebaki fungu la mchanga ambalo maji yakijaa halionekani. Kasa wanaojaribu kutaga hapo mayai yao huchukuliwa na maji, na imebidi watu wayahamishe kwenda kuyafukia nchi kavu. Mtoni nako, maji ya chumvi yanapanda mbali zaidi kuliko zamani, kwa sababu maji baridi yanayoshuka kutoka Kilimanjaro na Meru yamepungua, yakitumiwa na mashamba na kuzuiwa na mabwawa njiani. Mimi mtoto wa bwawa nalielewa hilo. Ukiwasha taa mjini, mahali fulani mto umesubirishwa.

Nyumba za Barabara ya India nazo zinasubiri. Chokaa na udongo havihimili mvua nyingi bila paa. Kila masika kuta hulegea, na nyumba ikianguka hutainunua popote, hata uwe na bajeti ya wizara tatu.

Nguzo nilizoziona mtoni zinatuonya kwamba muda ni mfupi. Barabara ikikamilika, mtu wa Dar es Salaam ataweza kupitia Bagamoyo na Saadani akaingia Pangani kabla ya chakula cha mchana. Watakuja watu na fedha zao. Itakuwa neema, ikiwa watakuta mji. Wakikuta nyumba zimeanguka na mahali pake pamejengwa hoteli za bati jekundu, watakula samaki, watapiga picha, watarudi wasijue wamekanyaga wapi.

Mimi sina mamlaka ya kutengeneza hata dirisha moja. Nina kipaza sauti, na nafasi hii gazetini. Kwa hiyo nasema mambo mawili. La kwanza kwa walimu wa Mpwapwa na wa Pangani: hadithi yenu ni moja, isomesheni hivyo. Mtoto wa Mpwapwa ajue kwamba vita vya pwani vilifika mlangoni kwake, na mtoto wa Pangani ajue kwamba Nyundo alizikwa na mikuki ya bara. La pili kwako wewe msomaji wa mjini, mwenye likizo na nauli: usingoje mtalii akuambie kwenu kuna nini.

Jua lilipoanza kushuka niliwaaga wazee. Yule wa kofia nyeupe alinisindikiza hadi kituo cha basi, akitembea polepole kwa fimbo. Tukapita kando ya mto. Nikamweleza kwamba kwetu Mtera nako tuna maji mengi na samaki wazuri. Akacheka, akasema samaki wa maji baridi hajapata chumvi, huyo bado ni mtoto. Nikamwahidi kumpelekea perege mkavu aonje kabla ya kutoa hukumu.

Niliporudi Mtera kumwona mama, nilimwambia kwamba nimefika Pangani. Akauliza ni wapi huko. Nikamjibu ni pwani. Alinyamaza, na nikajua amekumbuka masimulizi ya bibi. Nikamweleza habari za mzee yule na bibi mzaa bibi yake asiyejulikana kabila. Mama alichambua mboga zake mpaka mwisho, kisha akasema, "Mpelekee samaki wengi. Huyo ni ndugu yetu."

Nimekwisha kumtumia furushi la kwanza.